Vijiko Vitatu vya Samli

Régine Katungu alimwamini Mungu, akamwamini na daktari mmoja wa meno wa Butembo aliyekwisha kufa zamani. Baada ya hao wawili hakumwamini mtu.

Usimlaumu upesi. Mumewe, Adalbert, alikufa na miaka arobaini na mitatu, ndani ya lori lake mwenyewe, kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa, mchana kweupe, akisubiri karatasi zake zigongwe mhuri. Alishika kifua, akaegemea usukani, basi. Mtu aliyeaga asubuhi akicheka, akapiga na honi kuwaudhi majirani, jioni analetwa amelazwa juu ya magunia ya unga! Watu wa Kivu wanaokaa Lubumbashi walijaa msibani, mtaani Bel-Air, na kabla kahawa haijazunguka mara ya pili neno lilikuwa limeshatajwa: karuho.

Hiyo ndiyo sumu ambayo kwao Kivu hutajwa kila mtu anapokufa kabla ya wakati. Wanasema hufichwa chini ya ukucha, ikadondoshwa katika chai au bia, ikamla mtu taratibu kwa miezi, hata kwa miaka. Hakuna aliyewahi kuiona. Régine alisema ndiyo maana inaua sana.

Adalbert mwenyewe alikuwa ameanza kulalamika miaka miwili kabla. Akipanda ngazi za bohari lao la maharage anasimama katikati, mkono kifuani, anajifanya anahesabu magunia. Watu wakamwambia dawa ya karuho ni samli, samli halisi ya ng'ombe, vijiko vitatu kila asubuhi kabla hujamsemesha mtu, ili sumu iteleze isipate pa kushika. Régine akamnywesha kwa mkono wake miaka miwili mizima. Hakukosa hata Pasaka. Na mume alipokufa alijishikiza hapo: bila samli yangu angekufa mapema, miaka ile miwili nimemnyang'anya kifo kwa mikono yangu. Hilo ndilo wazo pekee lililompatia usingizi.

Sasa alibaki na Keren, mtoto mmoja, miaka kumi na mitano, miguu mirefu ya baba yake na kicheko cha baba yake. Aliyemla baba angemrudia mtoto. Régine hakuwa na shaka hata chembe. Kwa hiyo kila asubuhi ilikuwa kijiko kimoja cha samli, meza, nionyeshe ulimi. Kula kwa watu, marufuku. Mpira wa kikapu, ambao msichana aliupenda kuliko shule na kuliko mchumba yeyote atakayekuja kumpata, marufuku vilevile, kwa sababu msibani alisikia kwamba damu ikichemka sumu inakimbia nayo hadi moyoni.

"Mama, minachoka na hii mafuta," Keren alisema.

"Choka ukiwa muzima. Fungua kinywa."

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 waasi wakaingia Goma. Benki zikafunga, uwanja wa ndege ukafunga, njia ya Masisi ikakatika, na maharage ya Régine yakabaki huko huko yalikolimwa. Hapo Bel-Air wenyeji wakaanza kuwatupia watu wa mashariki jicho la pembeni: huyu amekimbia vita, au ametumwa kuja kutuchungulia? Hata mwanamke wa jirani aliyekuwa akiomba chumvi kwa Régine kila juma alianza kuinunua. Kila mtu mjini alikuwa akimtilia shaka mtu, na Régine, ambaye kazi hiyo aliianza mapema, alijiona ndiye mwenye akili kuliko wote.

Katikati ya hayo akafika Brigitte, dada mkubwa wa Adalbert. Alizunguka Rwanda, Tanzania na Zambia kwa mabasi, siku tisa, akaingilia Kasumbalesa na mfuko mmoja wa nguo na kopo moja la bati alilolipakata njia nzima. Huko Goma alikuwa akiuza jibini na samli ya Masisi. Samli yote iliyopita katika nyumba ile, tangu siku za Adalbert, ilitumwa naye kila mwezi.

"Njo ya mwisho hii, hakuna ingine," alisema akimkabidhi Régine kopo. "Ngombe bamezikula zote, bale ba vita."

Régine alilipokea kopo kwa mikono miwili. Walilia wote wawili, wakamlilia Adalbert, wakaulilia na mji wa Goma. Siku hiyo Régine alimwona wifi yake ni baraka. Siku hiyo tu.

Jumapili iliyofuata Keren alikaa kizingitini akipaka kucha rangi. Brigitte akapita na beseni la nguo, akasimama, akaliweka beseni chini. Aliinama akamshika msichana kisigino. Nyuma ya kisigino, juu ya ule mshipa mnene unaokwenda kwenye shavu la mguu, palikuwa na kijivimbe kigumu ukubwa wa punje ya haragwe. Akashika mguu wa pili. Palikuwa na kingine.

"Hii iko nayo tangu wakati gani?"

"Zamani, shangazi. Hainiume."

Brigitte akamgeukia Régine. "Mama Keren, unakumbuka Adalbert? Alikuwa nayo pale pale. Na zile za manjano juu ya macho."

Régine aliyakumbuka vizuri yale mabaka madogo ya manjano kwenye kope za mumewe, na vile vivimbe vya visigino. Msibani wazee walisema hizo ni alama wanazotiwa watu waliokwisha kuuzwa kwa wachawi. Na sasa alama iko kwa mtoto! Alipiga magoti hapo hapo akavitazama visigino vya bintiye kama vile ni vya mtu mwingine. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, wazo la pili likamjia: mimi nalala nyumba moja na huyu mtoto miaka kumi na mitano sijaona kitu. Huyu ana siku nane hapa, ameona. Amejuaje pa kutazama?

Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu. Iliyobaki Régine aliimwagilia mwenyewe.

Tangu siku ile Brigitte alibadilika. Aliuliza maswali yasiyoulizwa: Adalbert alianza kuumwa mwaka gani hasa? Akahesabu kwa vidole umri wa baba yake na Adalbert, aliyeanguka shambani akiwa kijana. Akaomba kupika. Sombe, yale majani ya muhogo, akaipika kwa karanga kidogo, bila mawese hata tone. Samaki akamchemsha na nyanya, akamvua ngozi yote, akaiweka pembeni ya sahani ya Keren. Chakula cha mahututi, alisema Régine moyoni, akala huku akimtazama mpishi vidole, hasa kucha.

Kisha ikaanza misa ya alfajiri. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Brigitte na Keren wanatoka kabla jua halijachomoza, wanarudi saa moja. Régine alifurahi kwanza, mtoto anasali. Halafu akaona kwamba mtoto anarudi kutoka misani jasho linamtiririka hadi kwenye soksi. Alimuuliza mama mmoja wa kwaya, kama vile anauliza habari ya hali ya hewa. Mama yule akashangaa: hizo siku tatu misa ni ya jioni.

Na jioni moja, misa hizo zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, Keren alipokunja mikono ya shati aoshe vyombo, Régine aliona kwenye kiwiko, upande wa ndani, alama ya bluu na katikati yake kitundu.

"Hii ni nini?"

"Ni mbu, mama."

Mbu! Régine aliwahi kuchanjwa, aliwahi kutundikiwa dripu, alizaa kwa kisu, sindano aliijua. Mtu alikuwa amechota damu ya mtoto wake. Lakini hakusema. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake hasa, ukiniuliza mimi: akishaanza kushuku haulizi tena, kwa kuwa jibu lolote atakalopewa lishakuwa la uongo kabla halijasemwa.

Mwisho wa mwezi wa tano, baridi ya kiangazi ilikuwa imeanza kuuma, Régine alivaa koti la marehemu na kuwafuata. Hawakuelekea kanisani. Walikata kushoto nyuma ya ukuta wa parokia, penye uwanja wa saruji na nguzo mbili za kikapu, ambako wasichana kumi na wawili walikuwa wakikimbia kuzunguka, wanapumua moshi mweupe. Keren akavua sweta akajiunga nao. Régine alijibanza nyuma ya kibanda cha mlinzi.

Ngoja nikwambie alichokiona, maana ndicho kilichomwangusha. Msichana alikimbia. Alikimbia, akaruka, akatupa mpira, akapiga kelele na kucheka kile kicheko cha baba yake, ambacho nyumbani hakikusikika tangu msiba. Kwa dakika moja nzima Régine alisahau kilichomleta. Angeondoka hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini kocha, mwanamume mwembamba aitwaye Kapya, akapuliza filimbi, akamwita Keren peke yake. Wenzake hawakuitwa. Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akainamisha kichwa, akaanza kusogeza midomo. Brigitte alikuwa amesimama karibu, anaitikia kwa kichwa. Kapya alipomaliza alimwambia kitu, Brigitte akaandika kwenye kidaftari, akampa mtoto chupa anywe.

Kwa nini yeye peke yake? Anamsomea nini? Na ile chupa ina nini?

Régine alitangulia kurudi nyumbani. Uani, kando ya mlango wa jikoni, palikuwa na chungu cha mshubiri, na siafu walikuwa wamekizunguka mstari mrefu. Alichimbua kwa kidole. Udongo ulikuwa umelowa mafuta, umeganda kwa baridi, unanuka samli. Asubuhi nyingi za samli zilikuwa mle! Kumbe ulimi alioonyeshwa kila siku ulikuwa ulimi wa mtoto aliyefundishwa kuficha kitu shavuni na kwenda kukitema.

Sasa kila kitu kilikaa mahali pake. Wamemtia alama, wanamchota damu, wanaichemsha kwa kukimbia, na kinga yake wanaimwaga. Na kopo lile la mwisho lilipakatwa siku tisa ili lije limwagiwe mshubiri.

Waliporudi aliwangoja mlangoni na mfuko wa Brigitte miguuni, umeshafungwa.

"Bifi, unione muzuri," alisema, na sauti haikupanda, jambo ambalo kwa Régine lilikuwa baya zaidi. "Nilikufungulia nyumba. Nilikupa kitanda. Na weye unaniulia mutoto."

"Mama!" Keren alipiga kelele.

"Nyamaza! Damu yake mulipeleka wapi? Ule muntu wa filimbi anamusomeaka nini? Juu ya nini mulimwanga mafuta?"

Brigitte alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwa Régine, yakapita, yakatua juu ya meza penye kopo la bati na kijiko cha mbao kando yake. Alilitazama kopo lile muda mrefu. Na mdomo ukafungwa.

"Jibu!"

"Sina jibu yenye itakusaidia, Mama Keren." Aliinama akauchukua mfuko wake. "Niko naenda Lukafu, kwa muntu wa kwetu. Ombi yangu ni moja tu. Docteur Chola, kwa dispensaire ya parokia. Umupeleke mutoto kule."

"Umeona?" Régine alimwambia Keren mlango ulipofungwa. "Hakukatala hata neno moja. Muntu mwenye hana kosa anajitetea."

Na kwa kuwa muda mwingi ulikuwa umepotea, kuanzia kesho yake Keren alipata vijiko viwili badala ya kimoja, na mama alikaa mbele yake robo saa nzima, asipate pa kutemea. Siku ya kwanza msichana alimeza. Siku ya pili alimeza huku machozi yakimtoka. Siku ya tatu alitapika juu ya meza, akasimama, akapiga kelele ambazo jirani wa chumvi alizisikia:

"Hii mafuta njo inaniua! Docteur alisema! Ni hii, mama, ni hii!"

Akakimbilia chumbani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, akamtupia. Régine aliikunjua. Jina la mtoto wake, tarehe ya mwezi wa tatu, mistari ya Kifaransa, na namba moja iliyozungushiwa kalamu nyekundu mara mbili: 2,90. Hakuielewa. Aliielewa rangi nyekundu.

"Njo karatasi yenye bamekuuzisha," alisema. "Vaa viatu. Twende. Ule docteur ataniambia mbele ya macho yangu."

Docteur Chola alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Régine alimwekea karatasi mezani kwa kiganja, pa! Alisema yote kwa pumzi moja: alama, damu, filimbi, wifi, karuho, Kasumbalesa. Daktari alimwacha amalize. Hata alipomaliza alimwacha apumue.

"Mama, kaa. Alama ya visigino, ni miye nitakuambia ni nini. Ni mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya mu damu. Cholestérol. Mwili ya kila muntu iko nayo, na foie, ni kusema ini, inaitoshaka inje yenye inazidi. Kuna batu bengine, tangu tumboni, foie yabo haiyue kuitosha. Ni damu ya familia: baba anapatia mutoto. Inazidi, inazidi, mpaka inajikusanya mu visigino, juu ya macho. Na kule ndani, mu mishipa ya moyo, inagandaka sawa vile mafuta ya kukaranga inagandaka mu tiyo ya maji ya jikoni. Siku moja tiyo inaziba. Muntu iko na miaka makumi ine, anashika kifua, amekwisha. Batu banasema sumu."

Daktari aliivuta ile karatasi karibu.

"Shangazi yake aliona visigino, alikumbuka kaka yake, akamuleta. Nilimupima: mbili na makumi kenda. Kwa mutoto wa umri wake hata nusu ya ile ni ya kutosha. Nilisikiliza moyo, nilifanya électro, ile mashini ya kupima moyo, moyo ingali muzuri. Basi niliandika: mafuta ya nyama na ya ngombe, zéro. Na acheze. Mara tatu kwa juma, akimbie, atoke jasho, asipitishe nguvu yake. Kocha anahesabu moyo yake, mapigo mangapi mu dakika moja, shangazi anaandika, juu niyue moyo inabeba namna gani."

Mapigo ya moyo! Régine aliiona tena ile midomo ya Kapya ikisogea. Moja, mbili, tatu, nne.

"Leo nitamupima tena, kama unakubali. Mbele yako."

Damu ikachotwa, mama akitazama sindano isimpite machoni. Walisubiri kwenye benchi hadi saa nane, Keren akalala begani kwake. Karatasi mpya ilipotoka, daktari aliiweka kando ya ile ya zamani, akaonyesha kwa kalamu. Ile mbaya ilikuwa imeshuka: 2,35. Na chini yake kulikuwa na mstari mwingine, mafuta mazuri, yale yanayofagia mishipa, hayo yalikuwa yamepanda.

"Miezi mitatu, mama. Chakula na mupira, hakuna kidonge hata moja. Haijatosha, nisikudanganye. Kwa damu ya familia mupira peke yake haimalize. Tutaanza na vidonge, na sasa utakubali weye mwenyewe. Lakini hii yenye imeshuka, ni miguu yake njo ilishusha. Muache acheze. Butoto njo wakati wa kuanza."

Régine alizitazama namba zile mbili. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikuwa akihesabu kitu kingine.

"Keren, nenda uningojee inje," alisema.

Mlango ulipofungwa alishika ukingo wa meza.

"Docteur. Muntu mwenye iko na ile ugonjwa. Mukubwa. Iko anaumwa kifua tayari. Akikunywa mafuta ya ngombe, vijiko tatu, vikubwa, kila asubui. Miaka mbili."

Daktari aliiweka kalamu chini. Hakuuliza ni nani.

"Moto ilikuwa inawaka tangu alizaliwa, mama," alisema taratibu. "Hakuna mwenye aliiwasha."

"Na mafuta?"

"Mafuta ilikuwa kuni."

Siku iliyofuata Régine alipanda gari la kwanza la kwenda Lukafu, na kopo la bati limefungwa ndani ya kitenge. Hakujua kwa nini amelibeba. Alimkuta Brigitte amekaa juu ya mkeka mbele ya nyumba ya mtu wa kwao, anapukuchua mahindi. Brigitte alimwona tangu mbali, na alipoona alichobeba, mikono yake iliacha kupukuchua.

Régine alikaa mkekani bila kukaribishwa. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, marefu. Hakuna hata moja lililokuja.

"Ni miye," alisema. "Hakuna karuho. Ni miye njo nilimunywesha. Kila asubui, na mukono yangu."

"Nyamaza."

"Nilikuwa namushika kichwa, Brigitte! Siku zenye hakutaka nilimushika kichwa!"

Alilia kama mtu anayetapika, ameinama, mikono tumboni. Brigitte alimwacha. Alikivuta kile kitenge, akalifungua kopo, akalinusa, akalifunga.

"Sasa uniambie," alisema. "Hii mafuta ilikuwa inatoka kwa nani?"

Régine akainua uso.

"Kila mwezi miaka mbili. Nilikuwa nachagua yenye inanona, ya kaka yangu. Ile siku docteur alinieleza, nilitoka inje nikakaa chini mu vumbi, na Keren akiniangalia. Nilijisemea, mi peke yangu nimeyua. Inatosha. Mama Keren asiyue. Ukinifukuza, unifukuze, ukisema niko mulozi, sema. Lakini asiyue, juu atakufa." Alijifuta pua kwa mkono wenye vumbi la mahindi. "Nilitaka mutoto apone kimya kimya. Njo kosa yangu."

Kuku mmoja alikuja akadonoa punje mkekani, na hakuna aliyemfukuza.

"Yeye aliamini?" Régine aliuliza mwishoni. "Ile dawa. Angalau aliamini?"

Brigitte alitoa simu kifuani, simu ya kioo kilichopasuka, akatafuta kwa kidole gumba, muda mrefu, hadi chini kabisa kwenye ujumbe wa zamani. Aliiweka mkekani katikati yao, akabonyeza.

Kwanza ilikuwa kelele za malori. Halafu sauti ya Adalbert, karibu, na kicheko chake mwanzoni kama kawaida:

"Dada, usisahau kutuma mafuta. Kifua ni ile ile, hakuna yenye inabadilika, nisikudanganye. Lakini siku yenye Régine ananinywesha, usiku analala. Basi, tuma tu."

Honi ikalia, ikakatika.

Régine hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu ile asubuhi ya honi. Aliweka kiganja juu ya simu kana kwamba ina joto.

"Rudisha," alisema.

Brigitte akarudisha. Wakasikiliza mara ya pili, na ya tatu, mpaka Régine akaweza kusikia malori peke yake na kicheko peke yake. Kisha alisimama, akaomba jembe kwa wenye nyumba, akachimba kishimo nyuma ya choo, akalifukia kopo na samli yake yote, akakanyaga udongo kwa miguu.

Aliporudi mkekani akaanza kumkusanyia Brigitte nguo zake, anazikunja moja moja na kuzitia katika mfuko ule ule alioufunga mwenyewe siku nne zilizopita.

"Kesho ni Alhamisi," alisema. "Mutoto iko na mupira. Unionyeshe pa kushika, pale ku mukono, na namna ya kuhesabu."